Mama Waya Avuka Barabara

Kazini walimwita Mama Waya, ingawa shangazi yangu hakujaliwa mtoto. Alikuwa fundi wa mtandao hospitalini, na chumba chake cha mitambo hakikuwa na dirisha. Wengi walimjua kwa sauti tu, kwenye simu.

Kompyuta zote zilikuwa kwenye mtandao mmoja, zikigandaganda kutwa. Akaamua kuligawa fungu la anwani zake mia mbili hamsini na sita, yaani namba za kutambulisha kila kompyuta, mafungu manne: wodi, duka la dawa, ofisi, na maabara iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Sitini na nne kila upande. Jumapili asubuhi, watu wakiwa wachache, akapiga hesabu kwa penseli, akapanga ruta, vile visanduku vya kuelekeza data njia, moja baada ya nyingine. Alipomaliza alijipigia makofi, peke yake.

Simu ikalia. Mpimaji wa maabara.

"Mama Waya, majibu ya vipimo hayafiki wodini. Daktari ananifokea."

Akatazama kioo cha kompyuta, akaliona kosa. Ruta ya wodi aliionyesha njia ya kwenda maabara. Ya maabara alisahau kuionyesha njia ya kurudi. Akabeba kompyuta yake, akavuka barabara mbiombio.

Mpimaji, mwanamume mwenye mvi, akavua glavu.

"Kumbe ndiye wewe! Miaka sita nakusikia tu. Nilidhani u mnene."

"Unene umeishia kwenye sauti."

Wakacheka. Aliandika mstari mmoja, majibu yakapita. Angeweza kuondoka, lakini akavuta kiti. Waliongea saa nzima, mambo ya hapa na pale.

"Wiki ijayo nahamishwa," mpimaji akasema mwishowe. "Pita tuagane."

"Nitapita."

Jumatatu mtandao ulikwenda kama maji, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Shangazi akawa anatafuta kisingizio cha kwenda maabara, hakukipata. Ijumaa akajikaza, akaenda mikono mitupu. Alikuta dada mgeni kitini.

"Aliondoka jana, mama. Gari lilikuja mapema. Kwani mtandao una shida?"

"Hapana, mwanangu. Uko sawa kabisa."

Aliponisimulia alikuwa ameshastaafu. Nikamuuliza kwa nini hakumtafuta.

"Ningemuulizia kwa jina gani?" akasema. "Mimi nilizoea kumwita Maabara."