Matofali Yaliyosikia Sala

Nikiwa bado mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, kule kwetu Chiola, kulikuwa na kanisa la zamani lililobaki kuta tu. Waumini walikuwa wamehamia kanisa jipya la bati karibu na barabara, na lile la kwanza wakawaachia popo na magugu. Sisi tulikuwa Waislamu, kama nyumba nyingi za upande wetu, lakini katazo lake tulilijua wote, wa dini hii na ile: tofali la pale haliendi kujenga kwa mtu.

Baba alilivunja katazo hilo mwaka ambao dada yangu Somoe alirudi nyumbani kujifungua mimba yake ya kwanza. Nyumba ilikuwa imetujaa. Baba alitaka kumwongezea chumba kabla ya mvua, na kufyatua matofali kiangazi kile, maji yakiwa ya kugombaniwa kisimani, isingewezekana. Akaazima mkokoteni.

Bibi, mama yake mzazi, alikuwa uani akimenya ming'oko, vile viazi vya porini, alipouona mkokoteni unaingia na mzigo mwekundu.

"Yarudishe," alisema.

"Mama, yale ni magofu tu. Wenyewe walishahama."

"Tofali lililosikia sala halikai kimya nyumbani kwa mtu. Utakuja kuniambia."

Baba alicheka, ila nakumbuka kicheko chenyewe hakikufika mbali. Chumba kikasimama, kuta zimeunganishwa kwa udongo mtupu, na Somoe akahamia. Tangu hapo nyumba yetu ikakosa utulivu. Dada alisema ukuta unavuma. Mimi nilikuwa nalala naye. Nikaweka sikio, na kweli, kulikuwa na sauti ya chini, kama ya watu wanaoguna kwa pamoja. Mama naye akaisikia. Baba alisema ni upepo, kisha asubuhi moja nikamkuta amesimama peke yake, shavu kwenye tofali, macho yamemtoka. Mama akawa anabandika sufuria halafu anasahau alitaka kupika nini. Somoe, ambaye siku zake zilikuwa zimekaribia, akawa anazunguka uani mkono kiunoni, hakai wala halali.

Mawingu ya mvua ya kwanza yalipojikusanya, Bibi hakumwomba mtu ruhusa. Alilibeba godoro la Somoe kichwani, mzee yule, akalipeleka chumbani kwake.

"Mama, unamtia mtoto hofu," baba alimwambia.

"Bora hofu kuliko kilio."

Mvua ilinyesha alasiri nzima. Jua likikaribia kuzama, ukuta ukaanguka. Haukubomoka kidogo kidogo. Ulilala wote kwa ndani, pale pale lilipokuwa godoro. Tulitoka tukasimama kwenye mvua, tunatazama. Dada alishika tumbo kwa mikono miwili, machozi yanamtoka bila sauti. Baba akakaa chini, kwenye tope. Sikuwahi kumwona mtu mzima amekaa kwenye tope.

Kesho yake alimwendea Mzee Linus, katekista wa kanisa jipya, akamuuliza afanye nini. Mzee Linus alikuja, akalitazama rundo lile.

"Ndugu yangu, tofali ni udongo," alisema. "Lakini ukiyarudisha, tutayapokea."

Akavua koti, akawa wa kwanza kuinama. Tukayabeba vichwani, sisi na majirani, njia yote utelezi. Bibi naye alibeba lake. Hakuwahi kukanyaga kanisani maisha yake yote. Siku hiyo aliingia katikati ya kuta zile akaliweka chini taratibu, kama anayelaza mtoto.

Nikamuuliza kama majini wa pale sasa watapoa.

"Majini gani?" alisema. "Mama yangu alichota maji ya kufyatulia matofali haya. Alikuwa na mimba. Kaka yangu wa kwanza alizaliwa njiani, mtungi umevunjika hapo pembeni. Hakuishi. Walimzika, na siku ile ile mama akarudishwa kuchota."

Wiki ile ile Somoe alijifungua salama mtoto wa kike.

Leo naishi Ruangwa mjini, na fundi yeyote atakuambia kwamba ukuta wa udongo usio na msingi hauhimili mvua, na kwamba upepo huvuma kwenye matundu. Nakubali. Hata hivyo nikipita Chiola moyo haunitulii, na kwa miaka mingi sikujua kwa nini, maana Mungu wa jirani zetu sikuwahi kumwogopa. Siku hizi nawaza kwamba wazee wetu hawakuwa na mahali pa kumlilia mtoto yule na wengine wa aina yake, basi wakatuachia katazo. Tulichokuwa tukikiogopa pale ni msiba ambao haukuwahi kuwekewa matanga.