Usimmalizie Masera Neno

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka kuliko nyingine za miaka ile ya Zaïre. Mvua ilikuwa inanyesha Bukavu, nasi wasichana wa kushona tumejibanza jikoni kwa watawa. Bugali ulikuwa umeshawekwa mezani.

Masera wetu, mtawa Mwitaliano, alitufundisha cherehani, na mikono ikichoka alitufundisha lugha yake. Aliandika neno mezani kwa chaki ya kitambaa, kisha akalikata vipande huku akigonga kidole: a-spet-to, ninangoja. Herufi mbili za kufanana alizitenganisha, moja huku, moja kule, kama pande mbili za kola. Akatuonyesha kwamba kwetu mwenye kutenda anatangulia: ni-nangoja, tu-nangoja. Kwao anakuja nyuma, mkiani: a-spet-to ni mimi, a-spet-tia-mo ni sisi. Sikusoma sana, pengine mengine nayachanganya, lakini hilo lilinikaa.

Kisha ugonjwa ukamfunga ulimi. Wazee husema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Wake ulijikwaa bila kosa lake. Mkuu wa watawa akasema asipoweza kusema tena, atarudishwa Italia. Nisimwonee mkuu: alimtakia matibabu mazuri. Ila Masera hakuwa tena na ndugu kule.

Basi siku hiyo ya mvua mkuu aliingia jikoni, akaketi karibu naye, akamwuliza taratibu kwa Kiitaliano anataka nini.

"Re..." Masera akakwama. "Re..."

Nilijua neno analolitafuta. Huruma ikanishika, na labda majivuno kidogo pia, nikafungua kinywa nimsaidie. Maman Sifa, mpishi, akanivuta kitenge.

"Wee citoyenne profesa!" akasema; citoyenne, yaani raia, ndivyo tulivyoitana siku zile. "Ile kinywa iko ya nani?"

"Iko ya Masera, maman."

"Basi umuache! Mutoto anajifunza kutembea, wewe unamubeba ku mugongo, miguu yake itapata nguvu wapi?"

Wenzangu wakacheka. Maman Sifa hakucheka.

Tukangoja. Mvua ikapiga mabati, bugali ukapoa. Masera akainua kidole, akagonga meza kama zamani. "Re." Akapumua. "Stia." Machozi yakamtoka. "Mo."

Tunabaki.

Mimi ningemmalizia resto, yaani ninabaki, mimi peke yangu. Yeye alitutia sote ndani ya neno lake: Maman Sifa, wasichana, hata mkuu aliyekuwa anavua miwani aifute.

"Basi," mkuu akasema kwa Kiswahili, "abaki." Maman Sifa akageuka haraka kupasha moto sombe, mboga ya majani ya muhogo, ingawa ilikuwa bado ya moto. Masera alibaki nasi mpaka mwisho, na kaburi lake liko hapa hapa.

Mwanangu, subira huvuta heri, hilo umelisikia hata umelichoka. Mimi nakuongezea hili dogo: mgonjwa, mwenye kigugumizi, mtoto, au bibi kama mimi anayetafuta neno, usimmalizie. Hujui nani amewekwa mwishoni mwa neno hilo. Pengine ni wewe.

Mungu akupe masikio yasiyo na haraka. Na siku ulimi wako utakapokuwa mzito, akuzungushie watu watakaokungoja, hata kama bugali unapoa.