Moshi Uliolala Bondeni

Nakumbuka asubuhi moja ya Julai, nilipopanda mteremko wa Waithaka, magharibi mwa Nairobi, nikiwa nimembeba mtoto mgongoni, nikienda kumshtaki jirani. Hasira, mwanangu, ilinipandisha upesi kuliko miguu.

Tulikuwa tumepanga chumba katika ploti ya Shosho Wangari, bibi mwenye vyumba vile vya kupanga, chini kabisa karibu na kijito. Mimi nilitoka Bungoma, nikawa nasuka nywele Kenyatta Market, na mtoto wangu wa kwanza, Nekesa, hata mwaka hakuwa ametimiza. Baridi ilipoanza alianza kukohoa. Kufika Julai kifua chake kililia kama mlango usiotiwa mafuta, na daktari alinionya kuwa dawa peke yake haitamponya asipoondolewa kwenye moshi. Na pale langoni, kila alfajiri, Mama Kevo alikaanga mandazi kwa kuni, akiwauzia wanaowahi kazi mjini. Wahenga walisema pafukapo moshi pana moto, nami moto nilikuwa nauona.

Shosho alikuwa juu kando ya barabara, akiwakatia ng'ombe wake majani.

"Shosho, huyu mama wa mandazi atoke," nikamwambia. "Mtoto wangu hapumui."

"Atoke aende wapi?"

"Popote. Ploti si ni yako?"

Shosho alimfunua Nekesa shuka, akatega sikio mgongoni mwake, na uso wake ukabadilika. Kisha akanishika bega, akanigeuza nitazame nilikotoka.

Bonde lilikuwa limejaa moshi, umetulia kama maziwa ndani ya bakuli. Huku juu tuliposimama, upepo ulikuwa ukipita.

"Haya, nionyeshe moshi wa Mama Kevo ni upi."

Nilitafuta. Kila ploti ilikuwa imewasha jiko, na ng'ambo ya kijito mtu alikuwa anachoma taka. Sikuweza kuutenga.

"Na hiyo nyumba inayofuka kwenye mabati ni ya nani?"

Ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeacha jiko la uji ndani, na dirisha nimeliziba kwa gunia ili baridi isimpate mtoto.

"Nyani haoni kundule," Shosho akasema, bila ukali. "Sawa. Leo tumfukuze Mama Kevo. Na Julai, utaifukuza na nani?"

Swali hilo, mwanangu, nimeishi nalo. Hebu nikueleze alichonionyesha, maana siku hizi simu zenu huwaambia hewa ni mbaya, ila hazisemi kwa nini. Nairobi imekaa juu, na huku magharibi ardhi inazidi kupanda. Usiku wa kipupwe hewa baridi huwa nzito. Huteremka polepole kutoka vilimani ikajaa mabondeni, na hewa yenye joto kidogo hubaki juu yake kama kifuniko cha sufuria. Moshi wa alfajiri hupanda, ukagonga kifuniko, ukarudi kwa wenyewe. Mpaka jua litoboe mawingu, na Julai kuna siku halitoboi kabisa. Tena upepo wetu mara nyingi hutoka mashariki. Aliyehamia huku akidhani ameuacha moshi wa mjini, mara nyingi moshi huo humfuata nyuma. Mvua ndefu huiosha hewa, nawe ukadhani shida imekwisha. Januari vumbi likakukumbusha.

Siku ileile Shosho aliteremka akamwambia Mama Kevo ahamie juu, kando ya zizi, ambako upepo hupita.

"Na wateja wangu watapanda huko?" Mama Kevo akauliza.

"Njaa ina pua, mama. Watapanda."

Mama Kevo akanitazama. Habari zangu zilikuwa zimemfikia. "Si ulitaka nitoke? Haya, beba karai."

Nikalibeba, na kuni nikabeba, naye akanifuata akicheka, mtoto wangu akiwa mgongoni mwake. Tangu siku hiyo nilipika uji alasiri, hewa ikiwa inatembea, nikauhifadhi kwenye themosi. Jiko halikuingia ndani tena, hata makaa yakiwa mekundu yasiyofuka, maana hayo nayo yana sumu isiyo na harufu. Lile gunia nililitoa dirishani, Nekesa nikamvalisha kofia na sweta mbili. Jirani wa ng'ambo alibishana na Shosho wiki nzima kuhusu taka zake, mwishowe akaanza kuzifukia.

Asubuhi moja ya Agosti niliamshwa na ukimya. Nikapeleka mkono gizani, nikamgusa Nekesa kifuani: kilikuwa kinapanda na kushuka taratibu, bila mlio. Nilikaa hivyo, mkono pale pale, hadi harufu ya mandazi iliponifikia kutoka juu, hafifu sana.

Basi, mwanangu, kabla ya kupanga nyumba, tazama ardhi yake asubuhi ya baridi, uone moshi unalala wapi. Baridi humalizwa na blanketi. Moshi usiufungie ndani pamoja na mtoto. Usichome taka alfajiri. Na kabla ya kumnyooshea jirani kidole, panda juu kidogo, utazame paa lako.

Mungu akupe kifua chepesi, akupe majirani wa kubebeana mizigo, na watoto wako walale usingizi usio na mlio.