Kitani Kwenye Ukingo

Yokheved alianza kumfumia Elyakim kofia tangu uchumba wao. Kwao Nahlaot, Yerusalemu, msichana akimpenda kijana humfumia kippa, ile kofia ndogo ya utosini ambayo mwanamume hasali bila kuivaa, na mume akionekana na ya dukani watu huuliza kama nyumbani kuna amani. Elyakim hakuwa amevaa ya dukani kwa miaka arobaini na moja. Zamani ubishi wake huo ulikuwa raha. Mwaka huu ukageuka adhabu.

Dawa za saratani zilikuwa zimemaliza nywele zake zote, na kibanio cha kofia bila nywele kitashika nini? Kofia za zamani zilimteleza kama kifuniko kisicho cha sufuria yake. Alitaka jambo moja tu: Ijumaa hiyo aende sinagogi, hatua sitini kutoka mlangoni, aipokee Sabato na wenzake. Daktari alikwisha kusema Ijumaa nyingine wasiihesabu.

Basi Yokheved akafuma siku tatu, kofia yenye kina, ya sufu laini isiyokwaruza. Alihesabu vitanzi vya uzi akavipoteza, akafumua, akalia, akaanza tena. Ijumaa mchana uzi ukamwishia, safu mbili kabla ya mwisho, na maduka yalikwisha fungwa. Akachakura kopo la marehemu mama yake, akapata kidonge cha uzi wa kahawia, akamalizia ukingo. Haraka haraka haina baraka, lakini nani ana muda wa methali mumewe akimponyoka?

Ikamkaa barabara. Elyakim akajitazama kwenye kioo.

"Nimekuwa bwana harusi," akasema. "Ila bibi harusi ndiye kazeeka."

"Na bado unamng'ang'ania, mzee."

Jirani yao Pesya, fundi cherehani, akaingia na mkate wa Sabato. Akaigusa kofia kwa kuisifu, vidole vikasimama ukingoni.

"Shoga, uzi huu umeutoa wapi?"

"Wa mama. Kwani?"

"Mbona ni kitani?"

Sufu na kitani katika vazi moja, Torati imekataza. Kwao hata mtoto anajua. Elyakim hakungoja. Aliivua papo hapo, akaiweka magotini, akafunika utosi kwa kiganja.

"Vaa hivyohivyo!" Yokheved akapiga kelele. "Mungu anakuona ulivyo! Leo atakudai uzi?"

"Mke wangu, nisimkosee sasa, nimeshafika mlangoni pake."

Yokheved akakamata mkasi aukate ukingo, na king'ora cha kuingia Sabato kikalia. Kazi zote zimekoma, kukata na kufumua pia. Mkasi ukamtoka mkononi. Pesya akakimbilia kofia ya mwanawe, lakini ilimkwaruza Elyakim kidonda cha utosini, akaitoa. Huko chini watu walianza kuimba, na yeye hakwenda.

Ulipofika wakati wa kubariki divai, kiganja chake hakikutosha, maana kwao mkono wa mtu hauhesabiwi kuwa kofia yake mwenyewe. Wa mtu mwingine unahesabiwa. Yokheved akasimama nyuma ya kiti, akauweka wake juu ya upara ule wenye homa. Alimchukia Mungu, akauchukia uzi, akajichukia mwenyewe kuliko vyote. Mkono hakuuondoa mpaka mzee alipomaliza kula, vijiko vitatu vya supu.

Elyakim alifariki Sabato alasiri. Nyota zilipotoka tu na Sabato kwisha, wazee wa maziko wakapanda ngazi, wakamkuta Yokheved ameshika mkasi, anatafuta fundo.

"Unafanya nini, mama?" akauliza mkubwa wao.

"Natoa kitani. Nataka nimvalishe."

Mzee akauchukua mkasi taratibu. "Iache. Hiyo imekatazwa kwa walio hai. Maiti hana amri tena."

Yokheved akainuka na ile kofia.

"Kwa hiyo sasa inamfaa," akasema. "Sasa!"

Akaenda kumvalisha yeye mwenyewe. Ilimkaa barabara, kama jana.