Mbuzi Aliyechinjwa kwa Barua ya Sifa

Ilikuwa mwaka 1981, mwezi wa Oktoba, mvua za vuli zikisubiriwa na mbuzi wamekonda hadi mbavu zinahesabika, nami nikiwa na miaka arobaini na mmoja, mjane wa mwaka wa nne, nilipojiaibisha mbele ya wanawake wa mtaa wetu wa Wabera. Na sioni faida ya kuificha aibu hiyo, kwani wengi wao wako hai na wanaisimulia vizuri kuliko mimi.

Nilikuwa nikisoma gumbaru, darasa la watu wazima la alasiri, chumba cha mabati chenye harufu ya chaki na maziwa, kina mama mkekani na watoto mgongoni (ningepewa alasiri moja tu ya zamani, ningechagua mojawapo ya zile). Niliingia humo kwa sababu mume wangu alipofariki, barua zake nilisomewa na majirani, nikaapa kwamba hakuna jirani atakayejua tena mambo yangu kabla yangu. Mwaka ule mwalimu wetu alihamishwa, nikawa ninawashikia wenzangu darasa, nao walisema wazi kwamba akiletwa mwanamume mgeni, baadhi yao watazuiwa na waume zao. Nilikitaka kile kiti cha mwalimu. Nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka ng'ombe.

Alhamisi tarehe nane akaja mkaguzi, akaniona nikifundisha. Jumanne tarehe ishirini na saba ikafika barua ikisema kwamba kwa kazi yangu nimekuwa “commended”. Nikafungua kamusi: kusifu. Basi, wazee wa Kiborana walionilea hawakumsifu mtu kikaoni kisha wakamwacha mikono mitupu. Aliyesifiwa mbele za watu alikuwa amekwisha kupewa, iwe ndama, iwe madaraka. (Sikujua kwamba serikali husifu bure.)

Nikatangaza kwamba nimepewa darasa. Nakiru, jirani yangu Mturkana aliyeuza makaa, akaniuliza, “Mama Guyo, sasa tukusalimie tukiwa tumesimama?”

“Hata mkikaa nitaitikia,” nikamjibu, kwa upole wa watu wakubwa.

Jumatatu, tarehe mbili Novemba, nikachinja mbuzi wangu pekee mwenye nyama, nikapika chai ya birika mbili, nikajifunga shashi mpya kichwani, nikaandika ubaoni tarehe, na chini yake neno Mwalimu na jina langu kamili, kisha nikakaa kitini. Sikuwa nimekipasha joto kile kiti alipoingia afisa wa elimu, na nyuma yake Mmeru mmoja aliyebeba vitabu.

“Salaam aleikum, mama. Hicho ni kiti cha mwalimu huyu.”

Nikamnyooshea barua nikiwa bado nimekaa. Akaisoma polepole, akainama ili wengine wasisikie (walisikia).

“Mama, hii ni shukrani tu. Ya kazi ingesema ‘recommended’.”

Akanieleza kwamba neno langu humsifu mtu kwa aliyokwisha kuyatenda na kumwacha alipo, lakini lile la pili humsifu kwa wakubwa ili apewe asichokuwa nacho. Nakiru akasema kutoka nyuma, “Kumbe yule mbuzi amekufa kwa shukrani.”

Walicheka mpaka watoto wakaamka. Nikainuka, nikafuta Mwalimu, nikafuta jina langu. Tarehe niliiacha, maana ilikuwa sahihi.

Mgeni alikula nyama yangu kwa adabu, akafundisha vizuri, lakini kufikia Januari nusu ya mkeka ilikuwa tupu, kama kina mama walivyosema. Waliozuiwa nikawafundisha uani kwangu. Siku moja yule Mmeru akaja, akasimama langoni akisikiliza, akaondoka bila neno. Nilidhani amekasirika, kumbe alikwenda kuniandikia.

Tangu aibu ile, mtu akinisifu huwa namuuliza kwanza sifa yake imebeba nini. Kwa hiyo nilipoitwa ofisini, Ijumaa tarehe kumi na mbili Machi 1982, baada ya swala, nikaonyeshwa barua ya Mmeru yenye lile neno la pili, na nyingine ya kuajiriwa, nilizisoma zote mara tatu na sikuwa nimechinja hata kuku.

“Hii inanipa kiti, ama inanisifu tu?”

“Inakupa, Mwalimu,” afisa akasema. “Weka sahihi.”

Nikaomba kalamu, nikaandika tarehe kwanza.