Rauta Nyuma ya Sinia

Msafiri wa mtaa wa Mabawa, muuza viatu vya mtumba, ana mdomo unaotangulia kichwa. Mteja akisema kiatu kimechoka, anamjibu, "Basi vaa nyayo zako."

Jumamosi ile aliwahi kurudi aangalie mechi kwenye simu. Picha ikaganda, mpira uko hewani, kipa kanyoosha mikono. Msafiri akajua palepale: anaibiwa intaneti. Na mwizi nani, kama si Mastura wa nyumba ya pili, anayeshinda na simu kaegemea ukuta wake?

Akatoka moja kwa moja mpaka barazani kwa Bi Zuleha, mama yake Mastura, anapokaanga bajia. Wateja wamejaa.

"Mwambie mwanao aache kuninyonya intaneti. Nunueni yenu. Mmezoea vya bure."

Hata shikamoo hakutoa. Watu wakaacha kutafuna. Bi Zuleha akasema tu, "Haya, mwanangu."

Akarudi ndani, akabadilisha paswedi ili mwizi abaki nje. Mpira bado uko hewani. Akapiga simu kwa wale wa kampuni ya intaneti kuwafokea. Dada wa huko akamuuliza rauta imekaa wapi.

"Dirishani, wapi tena?"

"Hebu hakikisha, kaka. Ina laini ndani kama simu. Inavuta mawimbi ya mnara, kisha inayagawa humo nyumbani. Ikizibwa na bati au ukuta mnene, haivuti kitu."

Dirishani hapakuwa na kitu. Waya wa umeme ulikuwa umepita nyuma ya kochi ukaingia kwenye kabati la vioo. Rauta iko mle, imesukumwa nyuma ya sinia za shughuli, imefunikwa kitambaa cha kufuma, taa inawaka nyekundu.

"Mama, nani kaiweka huku?" akamuuliza mama yake.

"Mimi. Wageni wanakuja kesho. Kitu cha thamani kinakaa dirishani kama kopo la mswaki?"

Akairudisha dirishani. Taa ikawa kijani, mechi ikatembea. Hakuiangalia. Alikumbuka mama yake alipolazwa mwaka jana, Bi Zuleha ndiye aliyekuwa akipeleka uji wodini kila asubuhi.

Akazunguka kwa mlango wa nyuma, akamkuta Bi Zuleha uani kwake anasuuza bakuli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nilikosea. Mastura hajaiba kitu. Nisamehe."

Bi Zuleha akafuta mikono kwenye kanga. "Mwanangu Mastura ulimwita mwizi barazani, watu wanasikia. Samahani ndiyo unaniletea uani?"

Msafiri akatamani ardhi immeze. Akapita ndani ya nyumba ile, akatokea barazani. Nusu ya wale watu bado wapo.

"Mastura hakuniibia," akasema, anatazama sakafu. "Rauta ilikuwa kabatini, nyuma ya sinia za mama."

Mselem, fundi baiskeli, akacheka mpaka akapaliwa. "Kwa hiyo mwizi wako ni sinia?"

Hasira ikampanda Msafiri. Jibu analo, tena la kumnyamazisha Mselem wiki nzima. Akalimeza.

"Ndiyo," akasema. "Na mdomo mchafu ni wangu."