Kinyozi wa Kangeta aliyeitilia shaka chupa ya spiriti

Saa mbili kasorobo asubuhi, soko la miraa la Kangeta bado halijachangamka, na Kagwiria ameshamtilia mtu shaka.

Mtu mwenyewe ni Mwalimu Mbaabu. Amekaa kitini, shingo ameilaza nyuma, ndevu zimemjaa hadi kooni. Kagwiria hajagusa wembe. Anainama, anazinusa ndevu, kisha anazigawa kwa kichana, mstari baada ya mstari, akitazama ngozi iliyo chini.

"Mwalimu, umepaka nini?"

"Mimi? Sijapaka kitu."

"Mwalimu."

"Haki ya Mungu."

"Mbona zinanuka chapati?"

Wanaume wawili walio kwenye benchi wanaangua kicheko. Mwalimu anakiri kwamba mkewe alimwambia mafuta ya kupikia hulainisha ndevu. Kagwiria hacheki. Analowesha taulo kwa maji ya moto, anaikamua na kumfunika nayo kidevu.

"Mwanaume akikaa hapa, mdomo unaniambia hivi, ngozi inaniambia vile," anasema. "Mimi husikiza ngozi."

Kagwiria, mwenye umri wa miaka 27, ndiye mwanamke pekee anayenyoa ndevu kwenye safu hii ya maduka. Vichwa ni kazi ya mwenzake, Murungi, kwa mashine. Ndevu ni za Kagwiria, kwa wembe. Kila kidevu ni shilingi mia moja, nusu yake, nusu ya mwenye duka, mzee Kaimenyi. Siku ikiwa nzuri hunyoa watu kumi na watano.

Hakusomea kazi hii popote. Aliacha masomo baada ya darasa la nane, mwaka ambao baba yake alipooza upande mmoja na kupoteza kauli. Ndevu zikaota, ngozi ikafanya vidonda, na pale nyumbani hakuna aliyethubutu kumgusa na wembe. Akaushika yeye.

"Baba hangeweza kusema 'hapo unaniumiza'," anakumbuka. "Nilikuwa naangalia jicho. Jicho likikaza, naacha. Miaka minne nilimnyoa hivyo."

Ndiko alikojifunza kwamba ndevu za kujikunja zikikatwa chini sana hurudi ndani ya ngozi na kutoa vipele. Wembe hufuata ndevu zinakoelekea, haupingani nazo. Na mtu aliyeshinda akifunga miraa, anasema, anawe mikono kabla ya kujishika kidevu.

Mwezi wa Aprili kazi hii ilikaribia kumponyoka. Wateja walianza kurudi na vipele vyenye usaha. Mmoja, wawili, mpaka wakafika kumi na mmoja katika wiki tatu, na wote walikuwa wamepitia mikononi mwake. Maneno yakazagaa. Wengine walidai anatumia wembe mmoja kwa watu watano. Mzee mmoja alimuuliza mbele ya benchi zima: "Wewe msichana, huo wembe jana ulinyoa nani, mbuzi?"

Watu kumi na watano kwa siku wakawa wanne. Kaimenyi akampa hadi Jumapili: vipele viishe, ama aache kiti.

"Sikulia," anasema. "Nilianza kushuku."

Alishuku taulo kwanza, akawa anazichemsha kwake na kuja nazo kwenye mfuko. Vipele vikaendelea. Alishuku nyembe, akawa anafungua mpya mteja akiona. Vipele. Alishuku mafuta ya ndevu yanayouzwa na wachuuzi, akajipaka mkononi siku tatu mfululizo. Ngozi ikabaki laini kama ya mtoto. "Nikamshuku hata Mungu kidogo," anasema, na hapo tu ndipo anapocheka.

Alhamisi ya wiki hiyo, mteja mmoja alitoa sifa akiwa bado kitini. "Spiriti ya hapa ni tamu. Kwingine inachoma mpaka unaona marehemu nyanya yako!"

Mkono wa Kagwiria ukasimama hewani. Spiriti hupakwa baada ya wembe ili kuua vijidudu, na haijui kubembeleza mtu. Wanaume wazima hukanyaga sakafu ikiwagusa. Akakumbuka kwamba kwa wiki kadhaa hakuna hata mmoja aliyekunja uso.

Alinunua chupa mpya kwenye duka la dawa. Wenzake walipoenda kula, alimimina matone ya chupa hiyo na ya ile ya kinyozini kwenye vifuniko viwili vya soda, akawasha kiberiti. Kifuniko cha chupa mpya kilishika moto wa buluu. Cha chupa ya kinyozini kikazima njiti.

Kesho yake alijifanya anafagia. Hakungoja sana. Murungi aliichukua chupa iliyopungua, akaijaza kutoka kwenye mtungi wa maji ya mvua ulio nyuma ya mlango. Kagwiria akaenda kumwita mwenye duka.

"Si wazee walikuwa wanalia kama watoto," Murungi alijitetea. "Nikasema nipunguze makali kidogo, wafurahi. Sikujua ni mambo mabaya, Kagwi."

Murungi anashikilia hadi leo kwamba hakuwahi kuunganisha maji yake na vipele vya watu. Mashine yake haifiki kwenye ngozi, hivyo wateja wake hawakudhurika. Kagwiria humsikiliza na kuitikia kwa kichwa tu.

"Wiki tatu amekaa hapa, hatua mbili kutoka kwangu, akisikia nikitukanwa. Labda hakujua. Lakini siku hizi chupa yangu inalala kwa mkoba wangu."

Kaimenyi alimwachia kiti, ila hakumwambia mteja yeyote ukweli. "Nikisema ilikuwa maji, wataogopa duka lote," anaeleza mzee huyo bila haya. "Wakisema ni msichana, si wameshasema?"

Basi Kagwiria ameamua kulisafisha jina lake mwenyewe. Wale kumi na mmoja anawajua kwa sura na kwa videvu, na amekuwa akiwafuata sokoni mmoja mmoja, na vifuniko vyake na kiberiti. Wanane wamerudi. Tena amelipia chumba kidogo ng'ambo ya barabara, anachotarajia kukifungua Desemba. Kiti kitakaa nje, barazani, ili kila apitaye aone kinachofanyika.

Anayemtaka awe wa kwanza kukikalia ni Kailemia, mnunuzi wa miraa aliyepaza sauti kuliko wote kwamba binti ana mkono mchafu. Wiki jana alimkuta kando ya mizigo yake, akamwashia moto wa vifuniko. Kailemia aliutazama hadi ukazima, akajikuna kidevu.

"Nitakuja," akamwambia. "Lakini nitakuja na wembe wangu."

"Aje nao," anasema Kagwiria, akikung'uta taulo. "Nitaukagua kwanza."